Bibi Yangu Anasubiriwa Rugerero

Shikamoo Bibi,

Nimepata nyumba. Kule Rubona ziwa liko mlangoni, lakini upepo unaleta harufu ya kiwanda cha bia hadi chumbani, na wewe ungenisema. Mjini karibu na mpaka wa Goma, wachuuzi wanaanza kelele alfajiri. Nimechagua Rugerero, kwenye mashamba. Kazini naenda kwa bodaboda.

Mwenye nyumba, mama aliyekulia Kongo, hapangishi makapera. Akaniuliza, "Bibi yako iko wapi?" Nikamjibu kwa furaha kwamba yuko Korogwe, meno yamebaki machache, lakini jembe hajaliacha. Akanitazama kwa huruma, kisha akanipa ufunguo. "Bon, umulete. Bibi haiwezi kubaki mbali na bwana yake."

Jioni mwenzangu wa kazini akacheka hadi machozi: Kiswahili cha huku, bibi ni mke. Sijamsahihisha mama, nitafukuzwa, na yeye keshawatangazia majirani kwamba unakuja.

Basi njoo. Umeniita "mume wangu" tangu sijaota meno. Leo umepewa nyumba. Chukua sweta, huku baridi, na ile khanga yako ya sikukuu.

Mumeo,
Saidi