Onyo la Tisa

Jumatatu, 5 Mei 2025
Asila ameleta ofisini programu aliyoitengeneza. Inasoma msimbo wa mfumo endeshi wa mizani zetu za tumbaku bila hata kuuwasha, inaonyesha palipokosewa. Dakika nne — makosa kumi na moja. Mimi nausoma kwa macho mwaka wa tatu huu. Bosi, dada Apolinaria, akasema huyu binti ni hazina. Mimi hajawahi kuniita hazina.

Jumatano, 7 Mei
Nimepewa kazi ya kuyapitia maonyo ya programu yake. Karani wa Asila! Amekulia na kompyuta dukani kwa baba yake. Mimi ya kwanza niliigusa kidato cha tano.
Onyo la tisa ni la msimbo wangu. Mizani ikisoma uzito vibaya, kufuli nililoweka ndani ya msimbo halifunguki tena. Kila kitu kinaganda. Nimelitazama sana. Ni kweli. Nikaandika "onyo la uongo", nikaliondoa kwenye orodha. Nitarekebisha kesho, kimyakimya.

Alhamisi, 8 Mei
Asila kaalikwa Dar kuielezea programu yake. Keki ofisini. Sikurekebisha kitu.

Ijumaa, 9 Mei
Toleo jipya la mfumo limekwenda Urambo. Na kosa langu ndani.

Jumanne, 13 Mei
Mizani za Urambo zimeganda. Wakulima wako juani na mabelo yao ya tumbaku tangu asubuhi. Dada Apolinaria hakufoka, katutuma mimi na Asila. Njia nzima Asila anajilaumu. "Programu yangu haikuliona kosa hili, kaka Mathias. Nimewadanganya watu." Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumatano, 14 Mei. Urambo, kituo cha kununulia
Mzee Raymundi kalala juu ya tumbaku yake. Nikamwamkia. "Marahaba. Mmekuja kuzifungua mizani?" Nikaitikia.
Asila kalipata kosa saa nne, kwa macho yake. Mstari wangu. Hakunisema. Kauliza tu kama sikuliona kwenye orodha.
Nikasema halikuwemo.
Kachukua simu yake. Halafu kasema programu hujitumia yenyewe nakala ya orodha nzima kwenye barua pepe yake, hakuwahi kuifungua kwa sababu aliniamini. Sasa anaitafuta. Mtandao wa hapa unasuasua. Nimeinamia daftari nisimtazame.
Ameacha kubonyeza simu. Anasoma.