Mkunga wa Zahanati ya Adogo

Gbatse mjini, 6 Februari

Dada Hembadoon,

Salamu nyingi, na poleni na joto. Mimi na mwanao Sesugh hatujambo. Ameota jino la pili, ananing'ata. Hilo tumbo la miezi minane je? Miguu bado inavimba?

Kwa kuwa simu huko haishiki, fungua redio saa moja asubuhi utanisikia. Watu wa gavana walitafuta mama anayenyonyesha, anayesema Kitivi cha kijijini, maana chao cha mjini kinachekwa sokoni. Nikasema: "Mimi ni mama kama wewe. Zahanati ya Adogo ina mkunga usiku na mchana. Mpe gavana muhula wa pili." Sesugh akalia katikati, wakasema kilio hicho kibaki. Wameniahidi kazi ya kufagia hospitalini. Mungu akipenda, mwaka huu ni wetu.

Mdogo wako,
Nguvan

Tse-Ikyaan, 19 Februari

Mama Sesugh, mdogo wangu,

Barua imefika kwa mkono wa muuza viazi vikuu. Tu wazima, ila miguu imekuwa magogo. Kijiji kizima kimekusikia.

Shemeji yako Terna, na chama chake hicho cha upinzani, ameninunia. Redio yao inasema Adogo ni banda la mbuzi lenye kufuli. Anataka nivuke mto nikakae hospitali ya misheni mpaka nijifungue. Nikamwambia, "Baba, hao ni wapiga debe wako. Huyu ni damu yangu." Akasema, "Haya, mke wa gavana, nenda kwa mkunga wako." Tukacheka.

Basi sivuki. Uchungu ukianza nitakwenda Adogo, ni nusu siku tu.

Dada yako,
Hembadoon

Gbatse mjini, 2 Machi

Dada mpenzi,

U hali gani? Sesugh mzima. Nimesoma barua yako, ndiyo maana naandika haraka.

Dada, mkunga sikumwona. Adogo sijawahi kufika. Bwana wa kampeni aliniambia mkunga ataripoti kabla ya tangazo kutoka, nikaona kusema mapema si dhambi. Jana nimemuuliza, akanijibu, "Mama, tupige kura kwanza."

Msikilize shemeji. Vuka mto leo. Barua nampa dereva wa gari la chumvi. Vyama vimekodi magari yote, lakini anasema atapenya. Naamini utawahi.

Mdogo wako,
Nguvan

Tse-Ikyaan, 15 Machi

Shemeji Nguvan,

Hujambo, na mtoto.

Barua yako imefika juzi Jumatatu. Gari la chumvi nalo lilikuwa likibeba mashabiki wa vyama. Hembadoon hakuisoma.

Uchungu ulimshika Jumamosi ya kura, siku ambayo magari hayaruhusiwi barabarani. Tulimbeba kwa machela. Askari kwenye kizuizi akatuuliza tunapigia kura wapi. Adogo kulikuwa na kufuli kweli. Alijifungulia barazani, damu haikukatika. Tulimzika Jumapili.

Kata yetu inarudia kura Jumamosi. Wenzangu wa chama wamekuja na kinasa sauti na maneno yameshaandikwa: mama kafa, mtoto kafa, mlangoni pa gavana. Nikasema, mtoto yu hai. Wakasema, "Baba, hilo linapunguza makali." Nikasoma walivyoandika. Sijui kwa nini.

Tangazo hilo litatoka redioni kesho saa moja asubuhi. Ukinisikia, usiamini. Mtoto ni wa kike, mzima. Jirani ananyonyesha wawili na maziwa yanamwishia. Njoo.

Shemeji yako,
Terna