Mkono Wako Ndani ya Gemu ya Lori la Maji

Kaka Wafula,

Betri uliyofunga bado inashika chaji. Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza habari ya mtu yeyote. Sola nimeipangusa vumbi mara mbili tu tangu uondoke, na ulisema kila wiki. Usinikasirikie, nimeshasema.

Hapa Juba, mtaani Gurei, mambo ni yale yale. Mama Poni wa nyumba ya pili hupita mlangoni kila asubuhi, ananipa pole, "maleesh, ya Nekesa", halafu anasimama. Najua anachongoja. Anangoja nilie. Hata kazini hotelini wananitazama hivyo hivyo nikikabidhi funguo za vyumba. Sikulia zile siku nne za homa yako. Sikulia mpakani Nimule tulipokaa na jeneza juani karatasi zikigongwa mihuri. Na kule Bungoma, ulipoingizwa kaburini, nilikuwa nahesabu viti. Shangazi zetu walinitazama kama mtu aliyeiba kitu. Si kwamba nilijikaza, kaka. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Najua upo, lakini siusikii.

Lakini nimekuandikia kwa sababu ya Mama.

Alinipigia kuniambia siku ya ibada ya kukukumbuka, na kwamba anataka kitu kimoja kutoka kwangu, kwa kuwa ruhusa ya kusafiri tena sikupewa. "Picha ninazo," alisema. "Nataka kusikia mkono wake. Nimeanza kuusahau." Unamjua Mama, mkono kwake ni jinsi mtu anavyopiga nyuzi za litungu. Alikuwa anasikia wa Baba kutoka shambani na kujua kama amekula au hajala.

Nikatafuta. Litungu lako liko ukutani, nyuzi zimelegea, na mimi nikiligusa linalia kama bati. Simu yako nimeipekua yote. Picha za waya, picha za betri, picha moja ya goti lako. Wimbo hata mmoja hakuna. Wewe ndiye uliyekuwa unasema mtu akikurekodi anakuharakisha.

Ulikubali mara moja tu, kwa Lado.

Lado, mwalimu wa kompyuta, na ile gemu yake ya lori la maji: unaendesha hapa Juba, unakwepa mashimo, unafikisha maji kabla mapipa ya watu hayajakauka. Alikuomba muziki wa kuisindikiza. Unakumbuka ile Jumapili baada ya kanisa? Tulitundika blanketi dirishani, tukangoja jenereta la jirani liishiwe mafuta. Joto lile, na wewe umekataa kuvua koti eti mpigaji havui. Nilikushikia simu ya Lado karibu na magoti mpaka mkono ukafa. Lado alifurahi sana. Watu wakicheza waliuliza hiyo rababa ni ya nani, na wewe ulishachoka kuwaambia kwamba si rababa, ni litungu.

Nilimpigia Lado, siku hizi yuko Kampala. Zile rekodi zenyewe alizifuta zamani ili apate nafasi kwenye kompyuta. Alinieleza kwa aibu, sauti imeshuka. Nilijua hapo ndipo mtu hukasirika. Nikamwambia sawa.

Kwa hiyo ulikuwa umebaki ndani ya gemu peke yake. Lado alinielekeza kwa simu. Alisema gemu ni kama gunia lililofungwa mdomo: unalihamishia kwenye kompyuta, unabadilisha herufi za mwisho za jina lake, linafunguka. Nikafanya hivyo kwenye meza yako, na umeme wako. Nikakuta picha za malori, picha za mapipa, honi, mbwa, maji yakimwagika. Muziki ulikuwa kwenye faili zenye namba tupu, na hakuna kitu cha kuchezea nyimbo kilichokubali kuzifungua. Mpaka nikapata programu ya kuzigeuza ziwe faili ambazo hata redio inaweza kusoma.

Programu ile iliniuliza maswali mawili: wimbo urudie mara ngapi, na sauti ififie kwa sekunde ngapi.

Nilikaa nikaitazama. Kwenye gemu wimbo wako hauishi, kaka. Lori likitembea unapiga, likikwama unapiga, ukifika mwisho unarudi mwanzo. Sasa ilikuwa ni mimi niamue unaishia wapi. Nikaandika mbili. Sekunde nikaacha kumi, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimeandikwa tayari.

Simu ya Mama ni ile mulika mwizi isiyopokea faili, kwa hiyo nilimpigia nikaweka yangu karibu na kompyuta. Alisikiliza mpaka sauti ikafifia, ikaisha.

"Huyo ni nani?"

Nikamwambia ni Wafula.

"Wafula haondoki hivyo," alisema. "Wafula hugonga."

Halafu akasema anaenda kuwapa kuku chakula. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekata tamaa kimya kimya, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Maana ni kweli. Hujawahi kumaliza wimbo bila kugonga ubao wa litungu mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayeaga mwenye nyumba. Nilikusikia ukifanya hivyo maisha yangu yote, na sikuona kwamba kugonga huko hakukuwepo. Mama, kwenye simu mbovu, aliona.

Nilichukua kompyuta nikaenda mtaa wa Malakia kwa Okello, yule wa Gulu anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi, uliyemtengenezea sola ya kibanda. Aliponiona alizima spika zake zote mbili. Hilo hajawahi kulifanya kwa mtu. Nikamweleza, akaitazama ile faili, akacheka kidogo, kisha akakumbuka hafai kucheka.

"Sista, hii faili iko na mkia," akaniambia. "Gemu hapana fika huko. Lori hapana simama, wimbo pia hapana simama."

Alinionyesha kwa kidole. Lado aliweka alama ndani ya wimbo: ukifika hapa, rudi mwanzo. Lakini faili yenyewe inaendelea kupita ile alama. Nadhani aliona kule kugonga kwako kungewafanya wachezaji wadhani lori limegonga kitu. Mimi, na yale maswali mawili niliyojibu, nilikuwa nimekurudisha mwanzo pale pale, kisha nikakufifisha. Okello alibonyeza mahali pa kuipuuza alama. Zilikuwapo sekunde kumi na tisa ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisikia. Watu wote walioendesha lile lori walikuwa wanageuka mlangoni pako.

Akanivalisha vipokea sauti vyake vikubwa vya masikioni.

Ulipunguza mwendo. Ukarudia ule mstari wa chini mara moja, polepole. Ukagonga. Ukagonga tena. Kigoda kikalia. Kisha ukasema, kwa kile Kiarabu chako cha Juba cha kujidai, "Kalas, imekwisha. Nekesa, umezima?"

Na mimi, karibu kabisa na simu: "Bado."

Ukacheka puani. Ikakatika hapo.

Okello aliniuliza, "Hii maneno ya mwisho mimi nakata?" Ndivyo kazi yake ilivyo, wateja wake hawataki mazungumzo kwenye wimbo. Nikamwambia aache. Akasema nyuma kuna jenereta limeanza kunguruma, hilo anaweza kulisafisha. Nikamwambia nalo aliache.

Memori kadi niliifunga kwa karatasi, nikaitia ndani ya kiberiti kitupu, nikampa dereva wa basi. Ijumaa ilimfikia Mama, siku moja kabla ya ibada. Aliiweka kwenye redio yake ile ya kijani. Akanipigia, akakata, kama kawaida yake, ili nimpigie mimi.

"Amegonga," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Na wewe umo."

Nikasema ndiyo, Mama.

"Kumbe ulikuwa naye." Akavuta pumzi. Akasema kesho ataipiga yote mpaka mwisho, na atawakataza watu wasipige makofi.

Tulipokata simu nilienda kuosha vikombe. Nilidhani sasa ndiyo nitalia, nikasimama penye beseni kungoja. Machozi hayakuja. Nilivunja kile kikombe chako cha bati, yaani si kukivunja, kilidondoka kikapasuka rangi. Nimekirudisha mahali pake. Nakwambia ili ujue hali ilivyo, nisikudanganye na wewe.

Krismasi nitampelekea Mama litungu lako, nimelifunga kwa koti lako. Sola nitaipangusa kila Jumamosi, hilo nakuahidi, na safari hii ni ahadi ya kweli. Sitakukata mahali popote tena.

Lala salama, kaka. Kuna kitu uliniuliza pale mwishoni mwa wimbo, nikakujibu bila kufikiri, nikitaka tu kushusha mkono. Nimefikiri sasa. Jibu ni lile lile.

Bado.

Nekesa