Jinsi Mkurugenzi Alivyofikishwa Adams Arcade

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Malalamishi ya Haron Kiarie kwamba alitekwa nyara na kuporwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025
Jina la shahidi: Peres Were
Umri: Miaka 46
Kazi: Mwalimu wa ufundi wa kuweka vigae
Makao: Waithaka, Dagoretti
Mwandishi: Koplo Kavutha
Tarehe ya kuandikwa: 16 Juni 2025

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaishi Waithaka na binti yangu Anita, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Nimekuwa nikiweka vigae katika nyumba za watu tangu Anita akiwa mgongoni. Miaka ya karibuni nimekuwa nikifundisha kazi hiyo katika Chuo cha Sakafu Imara, kilicho ghorofa ya tatu ya jengo moja nyuma ya barabara ya Tom Mboya, katikati ya jiji. Mwenye chuo, ambaye wanafunzi humwita mkurugenzi au bosi, ni Haron Kiarie. Ndiye aliyekuja hapa kulalamika.

Afande ameniambia nieleze ya Jumamosi tu. Nimemjibu kwamba ya Jumamosi hayana maana bila ya mwezi wa tatu. Amekubali niendelee.

Katika kozi yetu mwanafunzi huanzia darasani. Anafundishwa kusawazisha sakafu, kuchanganya gundi, kupima na kukata. Mwishoni ni lazima afanye kazi katika nyumba halisi, ndipo apewe cheti. Mwaka huu Haron aliwapeleka wanafunzi katika jengo lake mwenyewe la kupangisha lililokuwa likimaliziwa kule Muthangari. Walikuwa kumi na wawili, na Anita alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameacha kazi ya duka ili ajifunze vigae. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi kwenye kope, anakula akiwa amesimama, ananiambia bafu gani wamemaliza na kona gani imemsumbua.

Mnamo tarehe 12 Machi nilikuwa mjini nikifundisha darasa la wanaoanza. Yaliyotokea Muthangari nilielezwa baadaye na Anita mwenyewe, na pia na mwanafunzi mwenzake anayeitwa Ken, ambaye alikuwa amesimama kando yake.

Asubuhi hiyo Haron aliing'oa kinga ya grainda, mashine ya kukatia vigae. Hicho ni kile kifuniko cha chuma kinachomkinga fundi diski ikipasuka. Alisema kinachelewesha kazi. Anita akamwambia, "Bosi, madam alitufunza hatukati bila kava."

Haron akamjibu, "Madam ako tao. Hapa niko mimi. Kata."

Anita alikata. Diski ilipasuka. Kipande kimoja kilimvunja taya na kingine kikaingia katika jicho la kushoto.

Ken alitaka waite ambulensi. Haron akafunga geti. Wakaguzi wa jengo walikuwa wanatarajiwa alasiri hiyo, naye hakutaka wakute damu wala maswali. Aliwaamuru wanafunzi wambebe Anita hadi nyuma ya pikapu. Akamvua ovaroli yenye jina la chuo, akamvua viatu vya kazi, akachukua simu yake ili ionekane ameibiwa. Kisha akaendesha peke yake hadi kwenye maduka ya Adams Arcade, akamshusha, akamlaza kando ya Ngong Road karibu na wauza miche, akaenda zake. Aliporudi kwa wanafunzi aliwaambia, "Mwenye atafungua mdomo asahau cheti."

Binti yangu hakuwa amezimia. Naomba hilo liandikwe. Alikuwa amelala pale akisikia kila kitu. Aliniambia, "Mama, nilisikia watu wakisema nimelewa. Mmoja alisema wasichana wa siku hizi. Wakaniruka."

Aliyemsaidia ni mama mmoja anayeitwa Everlyn, anayeuza miche ya maua mahali hapo. Alimfunga leso kichwani, akasimamisha gari katikati ya barabara kwa mikono miwili, akamfikisha hospitali. Huko wakaandika kwamba ameshambuliwa na wezi, kwa kuwa ndivyo ilivyoonekana.

Nami niliamini ni wezi. Anita alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili na taya limefungwa kwa waya. Haron alikuja wodini na zabibu, ambazo mtu asiye na taya hawezi kula. Akaomba kwa sauti. Aliwaombea hata hao wezi watubu. Alipokuwa akiomba alikuwa ameushika mguu wa Anita juu ya blanketi, na Anita akauvuta. Mimi nilidhani ni maumivu. Nilimshukuru Haron mara mbili na kumsindikiza hadi kwenye lifti. Afande, ile asante yangu bado iko hapa kooni.

Ilipita zaidi ya mwezi ndipo Anita akaweza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Si wezi." Kisha akanieleza yote. Jicho la kushoto lilikuwa tayari limetolewa.

Nilikwenda kuripoti. Sikuja kituo hiki. Niliulizwa kama nina shahidi yeyote aliyeona, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikuwa chini ya dawa kali na Haron ni mtu anayejulikana. Nikawaendea wanafunzi mmoja mmoja. Ken alilia mbele yangu, akanieleza kila kitu nilichokwisha kusema hapa, kisha akasema, "Lakini madam, nikiandikisha statement, cheti kimeenda. Bila cheti hakuna site itanichukua. Niko na mtoto." Wengine walisema hivyo hivyo kwa maneno yao. Emmah, ambaye ndiye mwenye nguvu kuliko wote katika darasa lile, hakuweza hata kuniangalia usoni.

Sikuwalaumu. Nilielewa kwamba Haron amewafunga kwa kile cheti kama mbuzi kwenye kigingi. Basi nikaamua kungoja wapate vyeti vyao.

Niliendelea kufundisha. Kila asubuhi nilimsalimia Haron, "Habari ya asubuhi, mkurugenzi," naye akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, nami nikamwambia anaendelea vizuri. Nilimwangalia akinywa chai. Nilifikiria mambo mengi ya kumfanyia, na mengi niliyaacha kwa sababu yalikuwa ya haraka mno, na mtu akifanyiwa jambo la haraka hapati nafasi ya kulijua.

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni, kulikuwa na mahafali katika ukumbi wa chuo. Haron alivaa joho jekundu alilojishonea mwenyewe, na kofia yenye kishada. Walikuwepo wanafunzi kumi na mmoja na jamaa zao wachache. Anita alikuwa nyumbani. Haron aliita majina, akagawa vyeti, akapigwa picha na kila mmoja. Alipomaliza alisimama mbele akasema, "Leo nina furaha. Hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyeachwa nyuma."

Kama hangesema hivyo sijui ningefanya nini. Labda ningeuliza maswali yangu kwa upole.

Nilisimama nikachukua kipaza sauti. Nikasema, "Wanafunzi, vyeti viko mkononi?" Wakaitikia ndiyo. "Kuna mtu anaweza kuwanyang'anya?" Wakasema hapana. Nikauliza, "Sasa niambieni. Anita alibebwa na nani?"

Haron akasema, "Mwalimu Peres, hii si siku yake." Akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Ken akasimama. Akasema, "Ni mimi nilimbeba. Bosi ndiye aliniambia. Alitoa kava, akafunga geti, akampeleka Adams akamtupa kama takataka." Emmah akasimama. Halafu wengine wote, hata mmoja aliyekuwa akinikwepa kwenye ngazi. Mama wa mmoja wao akapiga kelele, "Uuwi, Haron!"

Haron alijaribu kufikia mlango. Ni Emmah aliyesema, "Tumbebe basi. Si alitufunza kubeba?"

Walimbeba. Sikuwaambia wambebe na sikuwakataza. Hakupigwa. Walimnyanyua juu mabegani akiwa na joho lake, wakateremka naye ngazi wakiimba nyimbo za mahafali, huku mama zao wakipiga vigelegele nyuma. Alikuwa akipiga mayowe awekwe chini. Watu wa barabarani walisimama wakapiga makofi. Walidhani ni mtu anayeshangiliwa. Mwenye duka la simu hapo chini alitoka akamwambia, "Hongera, mzee!" Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu mwezi wa tatu.

Waliniuliza kama nataka kwenda. Nikaketi mbele. Pikapu ya Haron, iliyokuwa imeegeshwa nje, ilikuwa ni ile ile iliyombeba Anita, na dereva alikuwa Emmah. Haron alikaa nyuma akiwa amezungukwa na wanafunzi. Njiani alitulia akaanza kuahidi mambo. Nilimsikia kupitia dirishani akisema, "Peres, mimi na wewe tumetoka mbali. Nitamlipia Anita jicho la bandia zuri." Nikamwomba Emmah afunge dirisha.

Tulipofika Adams Arcade walimshusha, wakamvua viatu, wakamlaza chini mahali ambapo Ken alikuwa ameonyeshwa na mama Everlyn. Simu yake iliwekwa ndani ya pikapu. Baadaye pikapu ilirudishwa Muthangari na ufunguo akapewa askari wa geti, pamoja na simu na viatu. Hakuna kilichoibwa, na askari huyo anaweza kuulizwa.

Haron alibaki pale chini akilia. Angeweza kuinuka, lakini nadhani aliogopa kuonekana akiinuka. Mtu mmoja aliyekuwa akipita alisema, "Huyu ameanza sherehe mapema." Mama Everlyn alikuja na kikombe cha maji, akaniuliza, "Huyu naye ni nani?" Nilimwambia. Akamwaga maji yale kwenye miche yake.

Nilisimama mbele ya Haron. Akaniambia, "Peres, wewe ni Mkristo."

Nikamjibu, "Ndiyo. Ndiyo sababu uko na macho mawili."

Nilirudi Waithaka. Nilimweleza Anita kila kitu akiwa amelala amegeukia ukuta. Aliniuliza swali moja tu, "Alilia?" Nikamwambia alilia. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikaushika.

Afande amenikumbusha kwamba kwa kusema niliketi mbele ya gari ninajiweka mwenyewe hatarini. Nimemwambia aandike kama nilivyosema. Ikiwa kuna shtaka, nitalijibu. Sitaki wanafunzi wangu walibebe, kwani walikuja kujifunza kazi.

Nilipokuwa nikitoa maelezo haya, Haron aliingia ofisini kutoka benchi la nje. Alikuwa ameona ni nani wengine waliofika. Alimwambia afande kwamba amesamehe, kwamba yalikuwa mambo ya mahafali tu, vijana walizidisha furaha, na angependa kuondoa malalamishi ili tukamalizie nyumbani kama watu wazima. Alinyoosha mkono nimsalimie. Sikuutoa wangu.

Mimi sijasamehe. Nilipojaribu kufungua faili mwezi wa nne nilikosa shahidi. Hii ameifungua yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na kwa kuifungua ameuliza ni kwa nini wanafunzi wake wote wambebe hadi pale na si mahali pengine. Wako nje kumi na mmoja, kila mmoja na cheti chake kwenye bahasha, wamekuja kumjibu. Naomba faili hii isifungwe. Naomba akae asikie jibu lote.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: P. Were

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili naye amekubali kuwa ni yake. Nimemwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani, amesema anaelewa. Nilipomuuliza kama kuna neno angependa kubadilisha, aliomba neno "Bwana", nililokuwa nimeliandika mbele ya jina la mlalamishi, liondolewe kila mahali. Nimeliondoa. Ombi la mlalamishi la kuondoa malalamishi limekataliwa kwa sasa, na ameagizwa asitoke kituoni. Nimemwita ndani Ken, shahidi wa pili.

Koplo Kavutha