Kibao cha Kimeru

Jumanne jioni

Itangazwe kwamba leo kibao cha shule yetu kimepandishwa cheo. Zamani kilitundikwa shingoni mwa mtoto aliyeongea Kimeru shuleni, kama adhabu. Sasa Mwalimu Mkuu, mama asiyetaka kiboko, anamvisha aliyefanya jema.

Wa kwanza ni Kathure wa darasa la tatu, aliyeniokotea maharagwe yaliyomwagika jikoni. Kukiona kibao tu, akaangua kilio. "Mwalimu, sijaongea Kimeru, naapa!"

Nikaona mpango umekufa, kiboko kinarudi. Nikamnong'oneza, kwa Kimeru hichohicho, kwamba ni zawadi.

"Kweli, mpishi?"

Akacheka. Kufika saa nane, jikoni kwangu kulikuwa na foleni ya wasaidizi. Huenda mpango ukashika.

Kathure amekivaa hadi nyumbani. Hakuna aliyekumbuka kufuta maandishi yake ya zamani: MIMI NI PUNDA.