Nani Ameiwasha Bodi Yangu?

Jamani wa nyumbani,

Maharage yako jikoni, pasheni moto. Madirisha yafungwe, mvua inakuja. Na kwenye meza ya vifaa vyangu mtu asiguse kitu, maana leo asubuhi kuna mtu amegusa.

Ile bodi ya kielektroniki niliyoibuni mwenyewe, ndogo kama ukucha, ilikuwa imekufa tangu Jumapili. Leo natoka kuoga, naikuta taa yake ya kijani inawaka! Mguu mmoja wa chipu umelehemiwa upya, kwa mkono mwepesi kuliko wangu. Chuma cha kulehemu bado kilikuwa cha moto.

Baba simshuku; bila miwani haoni hata kijiko. Unabaki wewe, binti yangu, uliyesema napenda hivi vidude kuliko ninavyokupenda, ukaninunia wiki mbili nzima. Nilipokuuliza ukajibu, “Mimi? Sijui hata vinawashwaje,” huku umeficha kidole.

~~Nikirudi utanieleza vizuri.~~

Usinieleze. Paka dawa hapo ulipoungua. Nimekuachia bodi nyingine iliyokufa kwenye kisahani, na kiti cha pili nimeshakisogeza mezani.

Mama