Mgomo Wangu Penye Bomba la Maji

Wajina wangu Wanjiru,

Natumaini baridi ya Eldoret haijakushinda. Huku Kayole tuko salama. Babu yako anakusalimu. Goti linamsumbua, lakini mdomo haujambo.

Umeniuliza kama nilipokuwa mhadhiri niliwahi kuipenda kazi hii, maana wewe sasa imekuchosha na unataka kuacha kufundisha chuo kikuu.

Nimekumbuka mgomo wetu mmoja, nikiwa wa umri wako. Niliapa sitafundisha hata neno mpaka tusikizwe. Asubuhi moja nikapanga foleni na mtungi wangu penye bomba la ploti yetu ya nyumba za kupanga. Zamu yangu ilipofika, jirani yetu Mama Otieno akaniuliza mbona maji hayapandi orofa ya tatu. Fizikia ndiyo iliyokuwa somo langu! Nikaokota kipande cha makaa, nikachora tangi na mabomba ukutani. Watu wakasogea. Mmoja akabisha, nikachora upya. Mtungi ukajaa, ukafurika, maji yakatulowesha viatu, na hakuna aliyekumbuka kufunga bomba.

Babu yako akachungulia dirishani, akapaza sauti: "Mwalimu! Kwani si mmegoma?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Sikwambii ubaki, wala sikwambii uondoke. Ila kabla hujaacha kazi, njoo ukae kwangu wiki mbili bila kufundisha. Bomba liko palepale, na watu wa foleni bado wana maswali.

Nyanya yako,
Wanjiru mkubwa